Habari za Watu Waliotekwa: Namna ya Kuzisoma na Kuzifundisha

Mara kwa mara magazeti hutuletea habari za watu waliochukuliwa kwa wingi katika nchi zenye vita: watoto wa shule, wanawake waliokuwa shambani, au kijiji kizima kwa usiku mmoja. Habari hizo zikifika Kilosa au Mikumi huzungumzwa sokoni, njiani, na mlangoni pa kanisa. Tena siku hizi hazingoji gazeti, maana hupita katika simu kabla jua halijachwa. Walimu wa mitaa huulizwa, “Je, ni kweli? Nasi tufanye nini?” Somo hili limeandikwa ili kuwasaidia walimu hao, na kila mtu apendaye kusoma kwa akili.

Neno tunalotaka kulifundisha ni moja. Namna habari ya mateka inavyoandikwa yaweza kumsaidia aliyetekwa, nayo yaweza kumdhuru. Kwa hiyo msomaji naye ana wajibu, wala haifai apokee kila neno kama lilivyo na kulipeleka mbele.

1. Njia iliyopita kwetu

Hatuna haja ya kuanza mbali. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii. Ilivuka mbuga ya Mkata, ambayo leo sehemu yake imo katika Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ikafuata bonde la mto Mkondoa penye Kilosa, ikapanda milima ya Usagara hata Mpwapwa. Kwa njia hiyo zilishuka pembe za ndovu, na watu pia walishuka, waliotekwa vitani au kuibwa, wamefungwa minyororo shingoni.

Mwaka wa 1871 alipita njia hiyo mwandishi wa gazeti liitwalo New York Herald, jina lake Henry Stanley. Alikuwa ametumwa kumtafuta Daktari Livingstone. Kabla hajafika Morogoro alikutana na msafara wa watumwa waliokuwa wakipelekwa pwani. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka wa 1872 alieleza kwamba minyororo yao ilikuwa mizito mno, illakini watu wenyewe hawakuonekana kuwa na huzuni. Na kama si ile minyororo, asema, ingekuwa vigumu kumtambua mtumwa na bwana wake.

Tuyafikiri maneno hayo. Mwandishi aliwaona watu hao njiani, akapita. Hakutuandikia majina yao, wala walikotekwa, wala ni nani waliobaki nyumbani wakiwalilia. Alitazama nyuso, akahukumu moyo. Mtu aliyekwisha kutembea miezi mingi katika mnyororo, naye amejifunza ya kuwa machozi huleta fimbo, atauonyeshaje moyo wake kwa mgeni apitaye? Hili ndilo kosa la kwanza tunaloliona katika habari za namna hii: mwandishi anaandika alichokiona kwa dakika chache, na msomaji aliye mbali anadhani amekwisha kuijua habari yote.

2. Habari iliyofunga soko, na habari iliyoachwa

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo, watu wa wafanyi biashara wa Kiarabu walianza kuwapiga bunduki watu waliokuja sokoni. Wengi wa hao waliokuja walikuwa wanawake. Wengi walikufa kwa risasi, na wengi zaidi mtoni walipokimbilia mitumbwi. Livingstone alikuwapo. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tena vijiji vya jirani vilichomwa moto, na watu wakatekwa.

Livingstone hakuwa na karatasi. Aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, akikata maneno yaliyokwisha kupigwa chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huko. Baadaye Stanley alimkuta Ujiji, akachukua barua na taarifa zake, akarudi kwa njia hii yetu mwaka wa 1872, wakati wa masika, mbuga ya Mkata ikiwa imejaa maji. Taarifa hizo zilipochapwa katika magazeti ya Marekani na Uingereza, watu wengi waliudhika sana. Sauti yao ilikuwa moja katika sababu zilizofanya serikali ya Uingereza impeleke Sir Bartle Frere Unguja. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kuufunga mnada wa watumwa. Hivyo gazeti laweza kutenda mema, nasi tusilidharau.

Lakini tusiishie hapo. Watu waliosoma magazeti huko Ulaya waliweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Huku kwetu haikwisha. Njia ya bahari ilipofungwa, wenye biashara walizidi kuwapitisha watumwa nchi kavu kuelekea kaskazini kandokando ya pwani, hata mwaka wa 1876 ilimpasa Sultani kutoa amri nyingine ya kukataza misafara ya bara. Mateka waliofika mwaka wa 1874 walitekwa vile vile kama wale wa 1871, ila masikio ya watu yalikuwa yamegeukia mambo mengine.

Tena liko jambo la pili. Ile shajara iliyoandikwa juu ya gazeti ilififia hata isisomeke. Mwaka wa 2011 wataalamu waliisoma tena kwa vyombo vya kupiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Ndipo walipoona kwamba shajara ya kwanza na kitabu kilichotolewa mwaka wa 1874, baada ya kufa kwake, havikupatana katika kila jambo. Katika shajara yamo maneno makali juu ya mwenendo wa watu waliokuwa katika msafara wake mwenyewe, ambayo kitabuni yalipunguzwa au yaliachwa. Haya hayabatilishi ushuhuda wake juu ya mauaji ya Nyangwe. Yanatufundisha tu kwamba hata shahidi mwema, akiisha kuona kwa macho yake, huchagua la kusema na la kunyamazia.

3. Mateso ya kweli, na faida ya mwingine

Sasa tutazame miaka 15 baadaye. Mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie, Mfaransa, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akieleza ukatili wa biashara ya watumwa, na magazeti yakayaeneza maneno yake. Mwaka huo huo watu wa pwani yetu walisimama kupigana na Kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imeshika miji yao na forodha zao. Walikuwa na sababu nyingi. Lakini huko Ujerumani vita hivyo vilitangazwa kuwa ni uasi wa Waarabu wauzao watumwa. Mwanzoni mwa 1889 Bunge la Ujerumani likatoa mark milioni 2 kwa ajili ya jeshi la Wissmann, na kukomesha biashara ya watumwa kukatajwa kuwa sababu. Abushiri, kiongozi wa wapiganaji, alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na nchi ikatwaliwa.

Je, mateso ya watumwa yalikuwa uongo? Hasha. Yalikuwa kweli tupu. Lakini yalitumiwa kwa kusudi jingine. Maana serikali ile iliyoingia kwa jina la mtumwa haikuufuta utumwa wenyewe katika sheria zake hata ilipoondoka. Ulifutwa katika Tanganyika mwaka wa 1922, chini ya Waingereza. Basi mtu akikuletea habari ya mateka na papo hapo akakuambia nani apigwe na nchi gani ishikwe, huruma yako iwe pamoja na macho yako. Mhurumie mateka, kisha uulize ni nani atakayepata faida.

4. Wasichana wa Aboke

Tuje karibu na siku zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Uganda waitwao Jeshi la Bwana la Upinzani, walioongozwa na Joseph Kony, waliingia katika shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa nchi hiyo, wakawachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, makamu wa mkuu wa shule, alifuata nyayo zao porini pamoja na mwalimu mmoja. Alipowafikia, mkuu wa kikosi kile aliandika hesabu chini mchangani: 109 awachukue, 30 wabaki. Sista akawasihi wamwachilie wote, asikubaliwe. Akarudi na 109.

Magazeti ya dunia yaliandika sana juu ya wasichana hao 30. Lakini katika vita ile yote, UNICEF imekisia kwamba watoto waliotekwa walikuwa kama 25,000. Walio wengi walichukuliwa vijijini, usiku, mmoja mmoja au kumi kumi, wala hapakuwa na shule yenye daftari ya majina, wala sista wa kigeni wa kuwaeleza waandishi. Si kosa la wasichana wa Aboke kwamba walijulikana. Ila msomaji akumbuke kwamba penye habari moja iliyoandikwa zipo nyingi zisizoandikwa.

Wazazi wa Aboke waliufahamu vema uwezo wa gazeti. Waliunda chama chao, na Bibi Angelina Atyam, mkunga wa Lira aliyekuwa mama wa mmoja wa waliotekwa, akawa msemaji wao. Hao wazazi hawakusema juu ya watoto wao tu, bali juu ya watoto wote waliotekwa. Maneno yao yaliwakera waasi, hata wakampelekea Bibi Atyam neno kwamba atarudishiwa binti yake kama ataacha kusema hadharani. Akajibu kwamba hatapokea mmoja na kuwaacha wengine. Mwaka wa 1998 alipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu. Binti yake alitoroka mwaka wa 2004, baada ya miaka karibu 8. Wengine katika wale 30 walifia huko, na wa mwisho alirudi mwaka wa 2009.

Angalieni tofauti iliyopo hapa na ile habari ya Stanley. Huyu mama hakungoja mgeni amtazame usoni na kumsemea. Alisema mwenyewe, na waandishi wakamsikiliza. Hata Maandiko hutupa mfano wa namna hiyo. Katika 2 Wafalme sura ya 5 yumo kijana mwanamke wa Israeli aliyetekwa na Washami akawa mtumishi katika nyumba ya Naamani. Jina lake hatulijui. Lakini mwandishi aliyatunza maneno yake, na kwa maneno hayo habari yote ikaendelea.

5. Chibok na Damasak

Usiku wa tarehe 14 Aprili 2014, kundi la Boko Haram liliwachukua wasichana 276 katika shule ya sekondari ya Chibok, kaskazini mashariki mwa Nigeria. Siku mbili baadaye jeshi lilitangaza kwamba wote wamepatikana isipokuwa 8, na magazeti yakalichapa neno hilo. Mkuu wa shule na wazazi wakakana, na kesho yake jeshi likalifuta. Fikirini uchungu wa mzazi aliyesoma kwamba mtoto wake ameokoka, akatazama nyumbani asimwone.

Kisha habari ikaenea duniani kote. Wakuu wa nchi na watu mashuhuri walishika mabango mbele ya wapiga picha. Mwezi wa Mei wa mwaka huo watekaji walitoa picha za wasichana hao, na magazeti mengi yakazichapa ukurasa wa kwanza. Wako wanaosema kwamba kelele hizo zilisaidia, maana wasichana 21 waliachiliwa mwezi wa Oktoba 2016, na 82 mwezi wa Mei 2017. Wako pia wanaosema kwamba ziliwapandisha bei machoni pa watekaji, hata wakafichwa zaidi. Zilipotimia siku za miaka 10, zaidi ya 80 walikuwa bado hawajarudi, na mabango yalikuwa yamekwisha kuwekwa chini zamani.

Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule wa 2014, kundi lilo hilo liliuteka mji wa Damasak. Watoto wa shule ya msingi wasiopungua 300 walichukuliwa huko. Ni watu wangapi kati yetu walioisikia habari hiyo? Idadi yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya Chibok, illakini dunia haikupiga kelele. Basi tusipime ukubwa wa jambo kwa ukubwa wa herufi za gazeti.

6. Wanaporudi

Aghalabu gazeti huacha kuandika siku mateka anaporudi, kumbe siku hiyo ndipo inapoanza safari nyingine. Wasichana wengi wa Uganda walirudi wakiwa na watoto waliowazaa porini. Magazeti mengi yaliwaita “wake za makamanda.” Neno hilo ni baya. Msichana aliyechukuliwa kwa bunduki na kugawiwa mtu hakuolewa. Hapakuwa na mahari, wala wazazi, wala ridhaa yake. Alirudi kijijini akakuta neno lile limemtangulia, na watoto wake wakaitwa watoto wa waasi.

Mwangalieni pia Dominic Ongwen. Alitekwa angali mtoto, akienda shule. Alikulia porini, akawa mkubwa wa kikosi, naye akateka watoto wa wengine. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimwona na hatia katika mashtaka 61, na mwezi wa Mei akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Gazeti hupenda kumwita ama mtoto aliyedhulumiwa, ama mwovu. Mahakama ilikiri kwamba alitekwa, nayo ikamhukumu kwa aliyoyatenda alipokuwa mtu mzima. Haki ya wale aliowatesa haikufutwa na mateso yake, wala mateso yake hayakufanywa kuwa si kitu. Msomaji naye hana budi kuyashika yote mawili.

Tena habari iliyopitwa na wakati yaweza kuumiza. Mwezi wa Machi 2012 picha ya sinema juu ya Kony ilitazamwa mara milioni nyingi duniani kwa siku chache, ingawa kundi lake lilikuwa limekwisha kuondoka Uganda tangu mwaka wa 2006. Ilipoonyeshwa Lira, watu walioteswa naye walikasirika, kwa maana waliona sura ya adui yao imetukuzwa, na habari yao wenyewe imeelezwa na mgeni kama kwamba wao hawakuwapo.

7. Maneno ya kushika

Basi, ikija habari ya watu waliotekwa, mwalimu na awafundishe wasikilizaji wake kuuliza hivi.

Kwanza, ni nani aliyesema, naye alikuwapo? Tamko la jeshi au la waasi si sawa na neno la mzazi aliyehesabu watoto wake.

Pili, ni kina nani wasiotajwa? Tukiwaombea wanaojulikana, tuwaombee pia wale wa vijiji visivyo na mwandishi.

Tatu, ni nani atakayepata faida ikiwa nitaamini hivi? Tusikubali huruma yetu igeuzwe chuki juu ya kabila au dini ya watu. Katika wasichana wa Chibok wengi walikuwa Wakristo, na Waislamu walikuwamo. Waliochukuliwa Damasak walikuwa watoto wa mji wa Waislamu.

Nne, je, nikiipeleka mbele picha hii au jina hili, mwenyewe atapona au ataumia? Msichana atakayerudi atataka kuolewa, kusoma na kuuza sokoni kama wengine. Picha iliyosambaa haiitiki tena ikiitwa.

Tano, habari hii ni ya lini, na baada yake kulitokea nini? Afadhali kuuliza juu ya walioandikwa mwaka jana kuliko kukimbilia waliochapwa leo tu.

Watu waliopita Mkata na Mkondoa katika minyororo walikuwa na majina, na waliwaacha nyumbani watu waliowajua kwa majina hayo. Hatuwezi tena kuwauliza. Lakini wako leo waliorudi, Uganda, Nigeria, Kongo na Msumbiji, wawezao kuulizwa. Na inatupasa kuwasikiliza kabla ya kuwasimulia wengine habari zao.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Stanley alikosa nini kuandika juu ya wale aliokutana nao njiani? Wewe ungeuliza nini?
2. Mapatano ya 1873 yalifanya nini, nayo yaliacha nini?
3. Kwa nini haifai kumwita msichana aliyetekwa “mke” wa aliyemteka? Katika lugha ya nyumbani kwenu, ni neno gani litakalofaa?
4. Bibi Atyam alikataa kunyamaza ili apewe binti yake. Ungekuwa mzazi mwenzake, ungemshaurije?
5. Mtu akirudi mtaani kwenu kutoka nchi ya vita, ni mambo gani yafaa kumwuliza, na ni yapi yafaa kungoja mpaka aseme mwenyewe?